Programu mbili kwenye ordinatere moja: mizani iko sawa?

Kupambanisha programu za sataranji kunaonekana kama mchezo wa vijana wa mjini tu. Lakini swali lililo ndani yake linajulikana vizuri kule Misisi na Lubichako: mtu akisema «yangu inapita yako», alipima namna gani?

Kati ya Baraka na Misisi, hakuna kitu kinaleta maneno mengi kama mizani. Mchimbaji anatoka shimoni na kadhahabu kake, anafika kwa mnunuzi, mnunuzi anaweka kwenye kisahani na kutaja namba. Mchimbaji anaangalia ile namba na kujiuliza moyoni: ni dhahabu yangu ndiyo kidogo, ao ni mizani? Leo tunachukua swali hilo na kulipeleka mahali wasomaji wengi hawakulitazamia: ndani ya ordinatere, kwenye mchezo wa sataranji, ule ambao shuleni tunauita kwa Kifaransa échecs.

Kwa nini sataranji? Kwa sababu kijana wa Baraka mwenye telefone ya Android anaweza leo kupakua, bila kulipa hata franga moja, programu inayocheza kuliko bingwa yeyote wa dunia. Anaweza kupakua ya pili, kuziweka zote mbili kwenye ordinatere moja, na kuziacha zipigane usiku kucha. Asubuhi anakuta moja imeshinda mara sita, nyingine mara nne. Anapiga makofi: «Hii ndiyo yenye nguvu!» Ndugu yake anakataa: «Uliipendelea.» Ubishi unaanza, na wote wawili wanaona kama wako na haki. Tunataka kuonyesha namna ya kuumaliza ubishi huo, kwa sababu njia ya kuumaliza inafaa pia kwa concasseur, kwa pompe ya maji, na kwa ile mizani ya mnunuzi.

Programu hizi ni nini?

Wale wanaocheza dame kwa vifuniko vya chupa chini ya mwembe wataelewa haraka. Sataranji inachezwa kwenye ubao wenye vyumba 64 kama ule wa dame wa Wafaransa wa zamani, lakini kete zake haziko sawa: kuna mfalme, malkia, farasi na wengine, na kila mmoja anatembea kwa njia yake. Programu ya sataranji, ile Wafaransa wanaita moteur, inapewa hali ya ubao, inahesabu mamilioni ya njia, halafu inajibu hatua moja. Ni hiyo tu. Haiko na ubao wake wala saa yake. Inahitaji programu nyingine ya kuwa refa: kuonyesha ubao, kupeleka hatua kutoka upande mmoja mpaka upande mwingine, na kushika saa. Arena na Cute Chess ni marefa wa namna hiyo, na zote mbili hazilipiwi. Tangu mwaka 2000 kuko lugha moja inayoitwa UCI, ambayo inawezesha refa yeyote kuongea na programu nyingi za watu mbalimbali.

Programu inayojulikana zaidi ni Stockfish. Ilianza mwaka 2008, wakati Marco Costalba, Mwitalia, alichukua kazi ya Mnorwe Tord Romstad iliyoitwa Glaurung na kuiendeleza. Ni mali ya wote: kila mtu anaweza kuisoma ndani, kuibadilisha na kuigawa. Kuna nyingine kama Leela Chess Zero, iliyoanza mwaka 2018, ambayo ilijifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe.

Tena msione ordinatere kama kitu cha wageni kabisa. Ndani yake, sehemu ndogo zinapogusana zinapakwa dhahabu ili zisishike kutu, na vipande vinaunganishwa kwa bati linalotoka kwenye kasiterite. Hatusemi kwamba ni dhahabu ya shimo fulani la Fizi. Tunasema tu kwamba jasho la mchimbaji liko ndani ya mashine hii, na mchimbaji ana haki ya kuelewa kazi yake.

Kwa nini ordinatere moja?

Jibu la kwanza ni rahisi. Ukiweka programu A kwenye ordinatere mpya na programu B kwenye ordinatere ya zamani, halafu A ikashinda, hujui ni programu imeshinda ao ni mashine. Ni kama kushindanisha wapiga makasia wawili kwenye ziwa Tanganyika, mmoja akiwa na mtumbwi mwepesi na mwingine na mtumbwi unaovuja. Ndiyo maana watu wengi wanasema: tuziweke kwenye ordinatere moja, basi haki imepatikana.

Hapo ndipo tunasimama. Ordinatere moja ni mwanzo mzuri, lakini haki haijapatikana bado. Watoto wawili wanaweza kukaa kwenye sahani moja ya ugali na dagaa, na mmoja akalala na njaa. Kuwa pamoja kwenye sahani hakusemi kwamba wamegawana sawasawa. Swali la kweli ni hili: ndani ya ile ordinatere, nani anakula nini?

Kuwaza kwa saa ya mwenzake

Kitu cha kwanza cha kugawana ni prosesere, ndiyo ubongo wa ordinatere. Siku hizi prosesere moja iko na sehemu kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Kwa Kifaransa zinaitwa cœurs, na sisi tunaweza kusema mioyo. Ordinatere ya kawaida inaweza kuwa na mioyo miwili, minne ao minane.

Programu nyingi za sataranji zinajua kuwaza hata wakati si zamu yao. Mpinzani anahesabu hatua yake, na wewe pia unahesabu: «Akicheza hivi, nitajibu hivi.» Kwa binadamu hii haina shida, kwa sababu kila mtu yuko na kichwa chake. Lakini kwenye ordinatere moja, kichwa ni kimoja. Ikiwa kila programu imeruhusiwa kutumia mioyo yote minne, basi ile inayowaza nje ya zamu yake inakula nguvu ya mwenzake, na mwenzake anapewa saa ileile lakini kwa nguvu pungufu. Mbaya zaidi ni wakati moja imeruhusiwa kufanya hivyo na nyingine imekatazwa. Hapo hakuna mchezo tena, kuna wizi.

Dawa inajulikana: kuzima kuwaza nje ya zamu kwa pande zote mbili. Ndivyo wanavyofanya kwenye mashindano ya TCEC, yaliyoanzishwa mwaka 2010 na Mnorwe Martin Thoresen, na kwenye orodha ya CCRL inayopanga programu kwa nguvu. Wasweden wa chama cha SSDF, ambao wanapima ordinatere za sataranji tangu mwaka 1984, walichagua njia nyingine: kila programu kwenye ordinatere yake, na zote zinaruhusiwa kuwaza wakati wote. Njia zote mbili zinaweza kuwa za haki. Kitu kisicho haki ni kuchanganya, ao kukaa kimya na kutosema ulichagua njia gani.

Mtu mwenye ordinatere ya mioyo minne anaweza kusema: «Nitaipa kila moja moyo mmoja, ziwaze pamoja.» Inawezekana. Lakini akumbuke kwamba mioyo hiyo inagawana kumbukumbu na joto, na kwamba ordinatere yenyewe inahitaji nguvu kidogo ya kujiendesha. Vilevile, anayetaka kuendesha michezo mingi kwa mara moja asipite hesabu ya mioyo aliyo nayo. Mashimo kumi hayawezi kutegemea pompe moja.

Kumbukumbu, joto na batri

Kitu cha pili ni kumbukumbu. Kila programu inaandika mahali yale iliyokwisha kuhesabu, ili isirudie kazi. Mwenye kupima ndiye anachagua ukubwa wa mahali hapo. Ukiipa moja megabaiti 16 na nyingine 512, umeipa moja kidaftari na nyingine kabati nzima. Gawa sawa. Tena jumla yake isipite uwezo wa ordinatere: kumbukumbu ikijaa, mashine inaanza kuandika kwenye diski, ambayo iko polepole sana, na kila kitu kinakwama. Kwa ordinatere yenye gigabaiti 4, megabaiti 256 kwa kila programu zinatosha kwa michezo mifupi.

Kitu cha tatu ni umeme, na hapa Fizi tunakijua kuliko watu wa Ulaya. Wengi wetu tunaishi kwa panneau ya jua, batri ao motere ya mazutu. Ordinatere ndogo ya kubeba ikitoka kwenye umeme na kuingia kwenye batri, mara nyingi inapunguza mwendo ili idumu. Ikishika joto sana, inapunguza mwendo ili isiungue. Telefone inafanya vilevile. Kwa kuwa programu zinacheza kwa zamu, upungufu huo mara nyingi unazigusa zote mbili. Lakini unaweza kuangukia moja wakati wa hatua ngumu, na ikapoteza kwa saa wala si kwa akili. Kwa hiyo: pima wakati kuna umeme wa kutosha, weka ordinatere mahali penye hewa, zima muziki, video na programu nyingine zote.

Kuna pia jambo ambalo watu hawalioni. Programu moja inatolewa kwa namna mbalimbali: moja kwa prosesere mpya, nyingine kwa prosesere za zamani. Ukiweka A katika namna inayofaa mashine yako, na B katika namna ya kizamani, B itakimbia polepole hata kama iko kwenye mashine ileile. Ni kama watu wawili wanatumia njia moja ya kupanda Fizi-Centre, lakini mmoja umemfunga jiwe mguuni.

Badilisha sahani

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wachimbaji watalipenda zaidi. Katika sataranji, mwenye kete nyeupe anaanza, na kuanza ni faida. Katika michezo ya watu, nyeupe inapata karibu pointi 54 ao 55 kwa kila 100. Kwa hiyo programu iliyocheza na nyeupe mara nyingi zaidi imepewa zawadi.

Dawa yake ni ileile ya mizani ya mkono yenye visahani viwili. Ukishuku kwamba mkono mmoja wa mizani ni mrefu kuliko mwingine, usibishane. Weka dhahabu kushoto na vipimo kulia, soma namba. Halafu badilisha: dhahabu kulia, vipimo kushoto, soma tena. Mizani ya haki itasema namba moja mara zote mbili. Ikisema namba mbili, mizani ina kasoro, na kweli iko karibu na katikati ya zile mbili. Hii haihitaji shule kubwa wala mashine ya bei. Inahitaji tu mnunuzi akubali kubadilisha. Na akikataa, kukataa kwake pia ni jibu.

Kwa sataranji wanafanya hivyohivyo. Programu zikiachwa zianze zenyewe, mara nyingi zitarudia mchezo uleule, na michezo mia itakuwa kama mchezo mmoja ulioandikwa mara mia. Kwa hiyo refa anatayarisha mianzo mingi: hatua chache za kwanza zinachezwa kwa lazima, halafu programu zinaendelea. Kila mwanzo unachezwa mara mbili: kwanza A iko na nyeupe, kisha B iko na nyeupe. Kama ule mwanzo ulikuwa unapendelea upande mmoja, faida inazunguka na kurudi. TCEC wanafanya hivyo. Na vitabu vya mianzo ambavyo programu nyingine zinabeba ndani yake vinafungwa, la sivyo unapima kitabu, hupimi akili.

Kumi haitoshi

Turudi kwa yule kijana wa sita kwa nne. Tuseme programu mbili ziko sawa kabisa, na tuseme hakuna sare. Kila mchezo ni kama kurusha sarafu. Ukirusha sarafu mara 10, hesabu inaonyesha kwamba nafasi ya upande uliouchagua kupata 6 ao zaidi ni karibu 38 kwa 100. Ndiyo kusema, zaidi ya mara moja katika kila mara tatu, programu isiyopita mwenzake hata kidogo itashinda sita ao zaidi. Hata saba kwa tatu inatokea kwa bahati tu karibu mara 17 kwa 100.

Ongeza michezo, na bahati inapungua nguvu. Kupata 60 ao zaidi katika 100 kwa bahati tu, ni chini ya mara 3 kwa 100. Kupata 600 katika 1.000, hiyo bahati haiwezi kuileta. Nusu ya kazi ya haki ni kugawa sawa. Nusu ya pili ni kurudia mara nyingi.

Hawa wa Stockfish wanalijua jambo hilo vizuri. Tangu mwaka 2013 wako na kazi inayoitwa Fishtest, iliyoanzishwa na Gary Linscott. Mtu akileta wazo la kuboresha programu, haliingii kwa sababu yeye ni mkubwa ao anasema vizuri. Toleo jipya linapambana na la zamani kwenye ordinatere za watu wa kujitolea duniani kote. Kila mchezo, matoleo yote mawili yako kwenye ordinatere moja ya yule mjitoleaji. Kwanza mwendo wa ordinatere hiyo unapimwa, na saa ya mchezo inarekebishwa, ili mwenye mashine dhaifu na mwenye mashine kali watoe matokeo yanayolingana. Mchezo mmoja mara nyingi unadumu kwa saa fupi sana, sekunde 10 kwa kila upande na kanyongeza kidogo kwa kila hatua, na wazo moja linaweza kuhitaji makumi ya maelfu ya michezo kabla ya kukubaliwa ao kutupwa.

Tena sheria ya kusimama inawekwa kabla ya kuanza. Huu ni mtego mkubwa: mtu anaangalia matokeo, na siku ile anayoipenda iko mbele anasema «basi, tumemaliza». Kwa njia hiyo, hata sarafu unaweza kuipa ubingwa.

Kesi ya Desemba 2017

Mambo haya si ya vijana peke yao. Hata kampuni kubwa za dunia zimeulizwa maswali hayahaya.

Mwezi wa Desemba 2017, DeepMind, kampuni ya London iliyo mali ya Google, ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero ilijifunza sataranji yenyewe na kupiga Stockfish 8: katika michezo 100, ilishinda 28, sare 72, haikupoteza hata mmoja. Magazeti yalijaa sifa. Lakini wenye kujua wakauliza: mlipima namna gani?

Jibu lilikuwa kwenye karatasi yao wenyewe. Stockfish ilikuwa na nyuzi za kazi 64 lakini kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu. Kila hatua ilipewa dakika moja, si zaidi na si pungufu, wakati Stockfish ilitengenezwa kujua lini itumie muda mwingi na lini iharakishe. Toleo lililotumiwa lilikuwa na umri wa mwaka mmoja. AlphaZero nayo ilikimbia kwenye mashine za namna nyingine kabisa za Google, zinazoitwa TPU. Tord Romstad, mmoja wa wazazi wa Stockfish, alikosoa mambo hayo waziwazi.

Tufuatilie vizuri yaliyofuata. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2018, DeepMind walichapisha kipimo kipya katika gazeti la sayansi, Science. Safari hii michezo ilikuwa 1.000, saa tatu kwa kila upande na nyongeza ya sekunde 15 kwa kila hatua, na Stockfish ilipewa kumbukumbu ya gigabaiti 32. AlphaZero ilishinda 155, ikapoteza 6, na yote mingine ilikuwa sare.

Kwa hiyo nani alikuwa na haki? Wote. AlphaZero ilikuwa na nguvu kweli, na kipimo cha kwanza kilikuwa kibaya kweli. Hapa kuna fundisho ambalo watu wengi wanalikosa: kipimo kisicho haki hakimaanishi kwamba mshindi ni dhaifu. Kinamaanisha kwamba hatuwezi kujua. Mnunuzi mwenye mizani mbovu anaweza siku moja kutaja uzito wa kweli. Lakini wewe uliye mbele yake huna njia ya kuujua, na hiyo ndiyo hasara yako. Maneno ya DeepMind yalipata uzito siku walipokubali kupima tena.

Miaka ishirini kabla yake, ilikuwa kinyume. Mwezi wa Mei 1997, kule New York, mashine ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimpiga bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3½ dhidi ya 2½. Michezo sita tu. Kasparov aliomba warudiane, IBM haikukubali, mashine ikaondolewa kazini. Mpaka leo watu bado wanabishana, kwa sababu kipimo kisichoweza kurudiwa hakimalizi ubishi.

Mahali haki inafika mwisho

Hata ukifanya yote hayo, kuna mpaka. Programu kama Leela inapenda kadi ya picha, ile kadi inayotumiwa kwa michezo ya video. Stockfish inapenda prosesere ya kawaida. Ukiziweka zote mbili kwenye ordinatere moja isiyo na kadi nzuri, umemnyima Leela mkono wake wa kuume. Ukiweka kadi ya bei kali, Stockfish itasema: «Na mimi mnipe prosesere ya bei hiyo.» Ordinatere ni moja, lakini hailingani kwa wote wawili. Wengine wanagawa kwa bei, wengine kwa umeme unaotumiwa, na hakuna jibu ambalo linafurahisha kila mtu.

Vilevile, programu inayoshinda kwa sekunde kumi inaweza kushindwa kwa saa mbili. Anayepima kwa haki hasemi «hii ni bora». Anasema: «Hii imeshinda kwenye ordinatere hii, kwa saa hii, kwa kumbukumbu hii, kwa mianzo hii, katika michezo kadha wa kadha.» Sentensi inakuwa ndefu, haipendezi kwenye tangazo la biashara. Lakini ndiyo sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kuhakikisha.

Kutoka sataranji mpaka shimoni

Sasa mama anayetwanga mawe na PDG anayelipa mazutu watauliza: haya yote yanatufaa nini? Tuchukue mfano mmoja. Mtu analeta concasseur mpya kwenye machimbo, anasema inapita ile yenu ya zamani na kuomba dolari nyingi. Anafanya onyesho: anachukua mawe, anasaga, anaosha, dhahabu inaonekana, watu wanashangilia. Mfuko unafunguliwa. Feza iliyotoka ni karo ya watoto na dawa ya mzee.

Kabla ya kufungua mfuko, pimeni kama wenye sataranji. Mawe yachukuliwe kwenye mshipa mmoja, yavunjwe na kuchanganywa pamoja, kisha yagawanywe mafungu sawa kwa kilo; hiyo ni kama kutumia mwanzo uleule kwa pande zote mbili. Mashine zote mbili zitumie motere moja, lakini si kwa wakati mmoja, kwa sababu zikiwaka pamoja zinanyang'anyana nguvu. Mazutu yapimwe: kila moja ipewe lita sawa, ao saa sawa, na mseme mmechagua kipi. Mwoshaji awe yuleyule, ao wabadilishane katikati, kama vile kubadilisha sahani za mizani. Msiridhike na mzigo mmoja. Fanyeni mizigo mingi, na hesabu ya mizigo ikubaliwe kabla ya kuanza. Kila namba iandikwe kwenye daftari, mbele ya wote, hata zile ambazo hazimpendezi muuzaji. Na yule anayeuza asiwe yeye peke yake anayeshika saa na mizani.

Hayo yote hayahitaji ordinatere. Yanahitaji asubuhi chache, daftari na watu wawili watatu wasio na haya ya kuuliza. Wengi wanaogopa kuuliza kwa sababu wanaona ni kama kumwita mwenzao mwizi. Siyo hivyo. Mnunuzi wa haki anafurahi kubadilisha sahani, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtu atamsema vibaya njiani.

Na kwa wale vijana wa Baraka walio na ordinatere: kupambanisha programu mbili kwa njia hii ni shule isiyolipiwa. Kijana anajifunza hesabu ya bahati, anajifunza kuandika anachofanya, anajifunza kukubali matokeo yasiyompendeza. Wazazi, msimwambie anapoteza muda. Mwambieni azime kuwaza nje ya zamu, agawe kumbukumbu sawa, abadilishe nyeupe na nyeusi, acheze michezo elfu. Halafu siku muuzaji wa pompe akifika machimboni na maneno matamu, mwiteni yeye ashike daftari.